Turudishieni Wiki Nne za Majilio

Barua ya wazi kwa wachungaji, mapadre, wainjilisti, makatekista, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya wa Bendera na kata za jirani, wilayani Same

Wapendwa baba zetu na mama zetu katika imani,

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu kwa salamu zote mbili kwa sababu barua hii haina dhehebu. Ni ya sisi sote tunaoishi hapa tambarare, tukiitazama milima ya Upare upande mmoja na ya Usambara upande wa pili, na ambao kila mwaka Novemba ikielekea ukingoni tunatangaziwa madhabahuni kwamba tumeingia kipindi cha furaha.

Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili asiye na muda asihangaike kulitafuta. Turudishieni wiki nne za Majilio. Ondoeni harambee, minada na michango katika Jumapili hizo nne, na nafasi itakayopatikana muigeuze kuwa ya kutembeleana na kupatanisha watu. Naamini furaha ya Kikristo tunayoitafuta tarehe 25 Desemba huwa tumeshaipita njiani bila kuisalimia.

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba. Hayaanzi kabla ya tarehe 27 Novemba wala hayavuki tarehe 3 Desemba kuanza, na huchukua kati ya siku 22 na 28. Kwa kalenda ya kanisa huo ndio mwaka mpya. Kwa kalenda ya mkulima wa Bendera huo ni msimu wa vuli: mwenye mahindi anatazama mawingu mlimani, mwenye mpunga anatazama mfereji, na mwenye watoto wa shule anaitazama Januari kwa jicho la wasiwasi, maana sare na madaftari havikopeshwi. Mwezi huohuo ambao mfuko wa mkulima umekauka kuliko miezi yote ndio tunaouchagua kumpelekea kadi. Kuna mchango wa sare mpya ya kwaya, mchango wa spika, mchango wa pilau ya watoto, zawadi ya Krismasi ya mtumishi, bahasha ya ahadi ambayo haijakamilika tangu Machi. Anayelipa anaondoka amechoka. Asiyelipa anaanza kukwepa ibada, na jirani anamwambia mkewe kwamba mzee wa kanisa amepita akimwulizia.

Mwaka jana Jumapili ya pili ya Majilio nilisimama nje ya kanisa moja huku kwetu nikitazama mnada. Jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, alikuwa ameinuliwa juu. Dalali alikuwa ameweka simu kwenye kipaza sauti ili ndugu wa Dar es Salaam naye ashindane. "Elfu thelathini kutoka Mbagala!" Watu wakashangilia, na kusema kweli ilichekesha. Pembeni alikuwepo bibi mmoja na mayai matano kwenye sahani, ameyafunika kwa leso. Zamu yake ilipofika dalali aliangalia saa, akasema mayai yaunganishwe na mkungu wa ndizi wa mtu mwingine ili twende haraka. Mkungu ukanunuliwa. Jina lililotajwa ni la mwenye ndizi. Bibi akachukua sahani yake, akajitwika kikapu, akaenda zake. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi, na dalali yule ni mtu mwema ambaye ningemkopesha jembe bila wasiwasi. Lakini asubuhi ile tulikuwa tumehubiriwa habari za Yohana Mbatizaji kule jangwani, na ilipofika saa nane mchana gumzo lote njiani lilikuwa la jogoo.

Watumishi wa Mungu, ninyi mnaijua Injili ya Luka kuliko mimi. Hata hivyo naomba tuitazame pamoja sura yake ya kwanza, kwa sababu huko ndiko furaha ya Majilio inakoonekana kwa mara ya kwanza, kabla ya malaika kuwatokea wachungaji wa kondoo. Inaonekana nyumbani kwa mtu. Mariamu, binti mdogo mwenye mimba ambayo majirani wangeisema, anatoka kwao Nazareti na kupanda kwa haraka hadi nchi ya milima kumtembelea Elisabeti, mama mtu mzima aliyekaa miaka na aibu ya kutozaa. Anabisha hodi, anatoa salamu, na mtoto aliye tumboni mwa Elisabeti anaruka kwa furaha. Hapo Mwokozi hajazaliwa bado. Hakuna karamu, hakuna nguo mpya, hakuna aliyechangishwa. Kuna mwanamke mmoja aliyepanda mlima kumwona mwenzake, na furaha ikatangulia kufika kabla ya siku yenyewe.

Kuna jambo lingine katika simulizi hiyo, nalisema kwa adabu zote. Mtumishi pekee wa madhabahu aliyekuwemo katika nyumba ile alikuwa kuhani Zakaria, na siku zote hizo alikuwa bubu. Alikuwa ameambiwa habari njema akashindwa kuiamini, akanyamazishwa. Wanawake wawili ndio waliobaki wakizungumza, na yale waliyoyasema kanisa linayaimba hadi leo. Simaanishi kwamba nanyi mnyamaze hadi Krismasi. Nasema tu kwamba furaha ile haikuhitaji kipaza sauti.

Tena Luka anaongeza kwamba Mariamu alikaa huko kama miezi mitatu. Siku hizi mgeni wetu kutoka mjini akikaa siku tatu tunasema amekaa sana.

Mtu atauliza: kungoja kuna faida gani? Si tufurahi tu tangu tarehe mosi? Hapa wazee wetu wa milimani wametuachia jibu ambalo mtoto wa Upare hahitaji kufafanuliwa. Chemchemi nyingi za mlimani hutoa maji kidogo. Ukiyaachia yatelemke mferejini mchana kutwa, udongo huyanywa njiani na shamba la mwisho halioni tone. Ndiyo maana wakachimba ndiva. Maji hukusanywa humo usiku kucha, asubuhi ndiva hufunguliwa, na yale maji machache ya jana hushuka kwa nguvu hadi kwa mwenye zamu. Majilio ndiyo ndiva ya Krismasi. Sisi tumelitoboa bwawa hilo. Nyimbo za kuzaliwa zinapigwa kwenye spika tangu Novemba, pilau inaliwa kwenye sherehe za kikundi hiki na kile, zawadi zimeshatolewa na mahubiri ya horini yameshahubiriwa mara tatu. Ikifika tarehe 25 tunafungua na hakuna kinachotoka. Mnajua wenyewe jinsi ibada ya pili ya Krismasi ilivyo: watu wamesinzia, na mioyo inauliza kama ndiyo hii tuliyokuwa tukiisubiri.

Wakristo wa zamani walilijua hili. Katika karne ya 5 Askofu Perpetuus wa Tours, huko Ufaransa ya leo, aliagiza waumini wafunge siku tatu kila wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hadi Krismasi. Majirani zetu Waorthodoksi wa Ethiopia hadi leo hufunga zaidi ya siku 40 kabla ya Krismasi yao ya tarehe 7 Januari. Hata ile mishumaa minne ya Majilio inayowashwa katika sharika nyingi ilianzia kwenye somo la kungoja. Mwaka 1839 mjini Hamburg, mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini ambao kila siku walimwuliza Krismasi inafika lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo kwa siku za kawaida na mikubwa kwa Jumapili, akawasha mmoja kila siku. Angeweza kuwapa peremende wanyamaze. Aliona ni heri awafundishe kuhesabu.

Na tuseme ukweli, hatuhitaji kwenda Hamburg wala Addis Ababa. Hapa hapa Bendera tunaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta. Mwezi wa Ramadhani, hakuna jirani yangu anayekula futari saa saba mchana kwa kisingizio kwamba Idi iko karibu. Jua likizama hutuita nasi tukae, na ile tende moja na kikombe cha uji vina ladha ambayo mimi niliyekula mchana siipati. Wanatushinda katika kungoja, na kwa sababu hiyo wanatushinda katika kufurahi.

Wala Mpare hawezi kusema kwamba kungoja si desturi yake. Mwaka 1945 maelfu ya watu wa milima hii walishuka Same kuipinga kodi ya mbiru iliyowekwa na serikali ya kikoloni, wakakaa hapo wakisubiri wasikilizwe, na baadaye wanawake nao wakaingia katika upinzani huo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alikiandikia kisa hicho kitabu mwaka 1971. Babu zetu hawakungoja kwa kulala. Walingoja kwa pamoja, wakijua wanachokingoja, na kodi ile hatimaye ikaondolewa. Kungoja kwa namna hiyo ni kazi, na wanaoifanya pamoja hutoka wakiwa ndugu zaidi ya walivyoingia.

Sasa niseme habari ya huzuni, kwa maana furaha isiyoweza kusimama mbele ya huzuni haistahili kuitwa ya Kikristo. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka ule, tope na mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafukia nyumba za Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kwetu Same tulikuwa tumeshaonja uchungu huo Novemba 2009, mvua za vuli zilipouporomosha mlima kule Mamba Miamba na kuua watu zaidi ya 20. Vuli ndiyo mvua yetu ya uhai, na wakati mwingine ndiyo inayotuzika. Mnapotangaza kipindi cha furaha, wamo kanisani ambao kwao Novemba na Desemba ni miezi ya matanga. Yumo mama ambaye mwanawe wa Dar es Salaam hapokei simu mwaka wa nne. Yumo kijana aliyemaliza chuo na anaogopa wageni wa Krismasi kwa sababu watamwuliza anafanya kazi gani.

Watu hawa tunawapa nini? Tukiwapa sherehe tu, tunawaongezea upweke. Majilio ya kweli yana nafasi yao, kwa sababu yanaanza kwa kukiri kwamba dunia haijakaa sawa na kwamba aliyeahidi kuja kuinyoosha bado tunamwita. Wakatoliki Jumapili ya tatu huvaa rangi ya waridi, na jina la Jumapili ile linatokana na wito wa Mtume Paulo kwa Wafilipi wa kuwataka wafurahi. Tunausoma wito huo kama kadi ya salamu. Tunasahau kwamba Paulo aliuandika akiwa kifungoni, asijue kama atatoka hai. Aliyefungwa ndiye aliyewatia moyo walio huru. Mfiwa wa Bendera akiambiwa hivyo, na aliyemwambia akakaa naye kwenye mkeka bila haraka, huenda akapata furaha ya aina ambayo haimdai afute machozi kwanza.

Baada ya faraja lije neno gumu. Katika sura ya tatu ya Luka watu walimwendea Yohana wakamwuliza wafanye nini ili wawe tayari. Hakuwapa wimbo. Mwenye kanzu mbili alimwambia ampe asiye nayo. Mtoza ushuru alimwambia asidai zaidi ya kiwango. Askari alimwambia asimdhulumu mtu na aridhike na mshahara wake. Kila mmoja alipewa jambo la kwenda kulimaliza na jirani yake. Yohana angepita Bendera leo, nadhani ninajua angetuambia nini. Angetuuliza habari za kesi.

Wenzetu wa mikoa mingine hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka, lakini tunacheka kwa sababu tunawajua wahusika. Nawajua ndugu wawili wa tumbo moja ambao hawajasalimiana tangu masale ya mpakani yalipong'olewa usiku na mtu ambaye hakupatikana. Wote ni washarika wa kanisa moja. Mmoja huketi upande wa madirisha, mwingine karibu na mlango, na Chakula cha Bwana hukishiriki katika mizunguko tofauti. Krismasi ikifika watoto wao waliotoka mjini hupiga picha pamoja na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, huku baba zao wakila makande kila mmoja uani kwake. Katika picha zile ukoo unapendeza.

Serikali yenyewe imetambua kwamba si kila ugomvi ni wa kuhukumiwa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30 kabla shauri halijaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 za baraza, na siku zisizozidi 28 za Majilio! Ikiwa sheria ya nchi inawapa wagombanao mwezi mmoja wa kutafuta amani, kanisa lililokabidhiwa habari njema ya amani lina sababu gani ya kuutumia mwezi wake kukusanya pesa za spika?

Ndugu zetu Waadventista Wasabato, barua hii inawahusu nanyi ingawa kalenda yenu haina Majilio. Mwaka 1903 wamisionari wenu wa kwanza katika nchi hii walipanda Upare Kusini wakaanzia Giti, katika miaka ileile ambayo Walutheri wa Leipzig walikuwa wakijenga vituo vyao milimani. Hivyo wilaya yetu ina watu wanaongoja wiki nne na watu wanaongoja mwaka mzima, na mara nyingi wanatoka nyumba moja. Mababa wa imani yenu huko Marekani walimtazamia Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, siku ikapita, na walioumia siku ile wakajifunza kuendelea kungoja bila kutaja tarehe. Tunahitaji kujifunza hilo kutoka kwenu. Nanyi mkiona Desemba jirani Mlutheri amekuja kumaliza ugomvi wa mfereji, msimwambie kwamba hiyo ni sikukuu yake. Mkaribisheni.

Najua mtakachonijibu. Mtasema kanisa haliendeshwi kwa maombi peke yake. Paa linavuja, mwinjilisti ana familia, na Desemba ndio mwezi ambao watoto wetu wenye uwezo wako nyumbani. Hoja hii ni ya kweli na siidharau. Ila tuhesabu siku vizuri. Wenye uwezo hawafiki Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wanaanza kuonekana kwenye mabasi na kwenye treni ya Moshi, ile iliyorudi relini Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa miaka zaidi ya 20, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Wanaondoka baada ya mwaka mpya. Basi wekeni harambee kati ya tarehe 26 Desemba na mwaka mpya. Mtapata pesa ileile, pengine nyingi zaidi, kwa maana mtu aliyepatanishwa na baba yake hutoa kwa mkono mwepesi. Wiki nne za mwanzo mnawachangisha akina nani? Mnamchangisha bibi wa mayai matano.

Wengine mtasema vijana hawatakuja kanisani kama hakuna vuguvugu. Wajaribuni. Kijana hachoshwi na jambo zito. Anachoshwa na kuambiwa maneno ambayo anaona wazee wenyewe hawayatendi. Kwaya ikipewa kazi ya kujifunza nyimbo za kungoja na kuziimba katika nyumba za wagonjwa, mtaona nani atabaki nyumbani.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na yote yanawezekana bila kibali cha makao makuu.

La kwanza nimeshalitaja: Jumapili nne bila mnada wala kadi ya mchango. Sadaka ya kawaida iendelee, na anayeleta mayai ayafikishe madhabahuni, yaombewe, yapelekwe kwa mgonjwa.

La pili, itisheni msaragambo. Neno hili hatuhitaji kufundishwa. Tumelitumia kusafisha mifereji, kuziba ndiva na kuchimba barabara. Safari hii msaragambo uwe wa kutembelea nyumba. Kila mtaa, kila jumuiya ndogo ndogo, kila kundi la akina mama liandike majina ya wasiotembelewa: wajane, wagonjwa, waliofiwa mwaka huu, walioacha kusali kwa sababu ya deni la bahasha. Watu waende wawili wawili, bila daftari la mahudhurio na bila bahasha mfukoni. Walio tambarare wapande, walio mlimani washuke. Nyumba nyingi za hapa zina shamba la mpunga chini na kaburi la babu juu, kwa hiyo njia tunaijua.

La tatu, wiki ya Jumapili ya tatu iwe ya kupatana. Wazee wa kanisa waketi na wagombanao kabla hawajapanda gari kwenda Same mjini. Mkiweza, waalikeni na wazee wa msikiti, maana mpaka wa shamba hauulizi dini. Hamtamaliza kesi zote. Mkimaliza mbili, familia mbili zitakuwa na Krismasi ambayo pesa haiwezi kuinunua.

La nne linahusu ndugu zetu wa mjini, na ninyi ndio mnaoweza kuwaambia wakasikia. Andikeni barua fupi mapema Novemba, isomwe kwenye makundi ya koo. Waambieni wasikope ili warudi na maboksi. Waambieni mzee anayewasubiri hajali kama wamekuja na gari au kwa basi, anajali kama watakaa naye jioni moja bila kutazama simu. Aliyekosa nauli mwaka huu apige simu, aombe radhi, asalimie watu wote wa nyumba kwa majina. Wapo wanaokaa mjini mwaka wa tatu kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Kanisa likiwaambia kwa sauti moja kwamba mikono mitupu inakaribishwa, wapo watakaopanda treni.

Wapendwa wazee wangu, sijaandika haya ili kuwafundisha kazi. Mmetubatiza, mmetuzikia wafu wetu, na mvua inapokata barabara mnatembea kwa miguu mkitufuata. Ninawaandikia kwa sababu mnaheshimiwa, na neno lenu moja katika baraza la wazee linaweza kubadili mwezi mzima wa watu wengi. Tumejaribu miaka mingi kuinunua furaha kwa michango, na kila Januari tumeamka na madeni na ugomvi uleule wa masale. Jaribuni mwaka mmoja kuitafuta pale Luka alipoiona, mlangoni mwa jirani aliyesahauliwa, kabla ya siku kuu kufika.

Msinijibu kwa barua. Jibu lenu nitalisoma kwenye ubao wa matangazo Jumapili ya kwanza ya Majilio, nikiangalia kama panapoandikwa mnada pameandikwa majina ya nyumba za kutembelewa. Jina langu mnaweza kuliandika kwenye orodha ya watakaopanda mlima.

Wenu katika Bwana,

Msharika na mkulima wa Bendera